Taa Inayofika Chini

La, hakuzaliwa mrefu vile, nani kakudanganya? Mama yake Kinyozi alikuwa mfupi wa kawaida, mtu wa kupanda kigoda ndiyo afikie rafu ya sufuria. Alianza kurefuka alipohamishiwa stoo. Na stoo alihamishiwa kwa sababu ya samaki. Basi ngoja nianzie dukani, ndiyo utanielewa.

Kinyozi alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la samaki wa mapambo, mkononi kashika jani la kahawia ndani ya kifuko cha nailoni. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kula kwake kwa mara ya kwanza, na lile tangi la kioo ndilo alilolitegemea limpe heshima. Samaki walikuwa wazima, wananenepa tu. Majani ndiyo yalikuwa yanaoza.

"Umeweka taa gani, mzee?" akauliza dada muuzaji.

"Ya bluu. Inapendeza kweli."

"Inakupendeza wewe. Majani hayashibi bluu peke yake."

Akamshushia maboksi. Hii hafifu, inafaa majani mavivu yasiyodai kitu. Ile kali mno, utafuga utelezi wa kijani badala ya majani. Hii nyeupe ya LED, ina mwanga kama wa mchana, na nyekundu kidogo imo. Akamuuliza kina cha tangi. Kinyozi akapima kwa mkono wake, toka ncha ya vidole mpaka kupita kiwiko.

"Chukua hii nyeupe. Mwanga wake unafika chini. Masaa nane kwa siku, usizidishe. Na tangi lisikae dirishani, jua linaleta utelezi."

"Liko dirishani, lakini nimeliziba dirisha. Pazia zito, halafu kadibodi."

"Hapo umefanya la maana. Na mmea ukikosa mwanga, usidhani utakufa palepale. Unarefuka. Shina linakuwa jembamba, rangi inapauka, unainamia kule mwanga unakotokea. Watu wanafurahi, wanasema umekua. Haujakua, unatafuta."

Kinyozi akaangalia viatu vyake.

"Na ukishakuwa hivyo?"

"Unaurudisha penye mwanga, basi. Mbona unaangalia chini, mzee, bei imekutisha?"

"Bei haina neno," akasema, na masikio yakamchoma kama kayanyoa kwa maji ya moto.

Maana kile chumba cha dirisha kilikuwa cha mama yake. Ukiingia tu mlango mkubwa unakiona, ndiyo sababu Kinyozi alikitaka kwa tangi. Alimwambia, "Ni kwa muda tu, mama." Stoo haikuwa na dirisha. Balbu yake iliungua, na kila siku Kinyozi alisema ataleta nyingine. Mama akakaa kitandani kati ya magunia na feni mbovu, akarefuka. Ilianza shingo. Mkewe Kinyozi akamshonea kola mpya, halafu nyingine, mwisho akachoka. Shingo ikapita mlangoni, ikafuata ukuta wa korido, ikakata kona kwenye friji. Wajukuu waliiruka wakienda kuoga. Walisema shikamoo bibi wakiwa korido, marahaba ikajibiwa sebuleni.

Taa mpya ilipowashwa, majani yakasimama, yakatoa machipukizi. Na uso wa mama ukafika mpaka kwenye tangi, ukaegemea kioo. Shavu la upande wa taa likaanza kupata rangi.

Siku ya wageni, mkewe akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Baba watoto, wako getini. Zima hiyo taa, mama atarudi mwenyewe."

Kinyozi akashika swichi. Akaitazama kadibodi ya dirishani, imebandikwa gundi tu, mtu angeivuta kwa mkono mmoja. Lakini akiivuta sasa, wageni watauliza ilikuwa inaziba nini, na chumba hiki ni cha nani. Akaiacha.

"Usizime, mwanangu," akasema mama yake. "Majani hayajamaliza masaa yao."

Wakwe wakaingia pamoja na binti, wakavua viatu. Mkwe wa kiume akaamkia, "Shikamoo mama," uso ukaitika marahaba, karibuni, poleni na safari. Mkwe wa kike yeye akaifuata ile shingo kwa macho, taratibu, mpaka kwenye friji, mpaka kwenye mlango wa stoo.

"Mama analala kule?"

"Kwa muda tu," akasema Kinyozi.

"Ah, baba yangu naye alikuwa hivihivi. Tulimweka nyuma ya jenereta. Alifika mpaka getini, alikuwa akitufungulia kwa meno." Akageukia tangi. "Lakini majani haya! Hii taa mmeinunua wapi?"

Ikabidi Kinyozi aeleze. Mambo ya bluu, mambo ya nyeupe, mwanga kufika chini. Sauti ikawa inampungukia. Mama yake alikuwa palepale anasikiliza, anatikisa kichwa kama mtu anayesifia hesabu za mwanawe.

Chakula kikaja. Meza wakaisogeza chini ya shingo, binti akamwekea bibi yake mto wa kulaza kidevu. Bakuli la kunawa likapita kwa kila mtu. Lilipofika kwa mama, wote wakangoja kidogo, maana mikono yake ilikuwa stoo.

"Mwacheni tu, mimi nitamlisha," akasema binti.

"Hawezi kula hajanawa," akasema Kinyozi.

Akachukua bakuli na birika, akafuata shingo mpaka kule gizani. Akapapasa juu ya shuka, akaipata mikono, imebaki mifupi kama zamani. Akaiosha mmoja mmoja, mpaka katikati ya vidole. Ule wa pili ulimshika kidole gumba, ukakaa nacho. Kinyozi akasimama palepale gizani.

"Baba watoto! Chakula kinapoa!"

Akautoa mkono ule polepole, akaulaza shukani, akaufuta kwa shati lake. Akarudi mezani, akasema samahani kwa kuwachelewesha, akavuta kiti. Wote wakakaa, wakaanza kula.