Namba Mbili za Jirani

Mdogo wake alikuwa ameshuhudia mauaji, na wauaji walikuwa wanamtafuta. Ofisi ya kulinda mashahidi, alikofanya kazi dada yake, ikamficha kwenye nyumba ya mbali na kumpa jina jipya. Kazi ya kulifungia jina hilo pamoja na anwani ndani ya kompyuta akaachiwa dada mtu, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa makufuli ya namba.

"Atakayekuita kwa jina hilo ametoka kwangu," alimwambia yule kitinda mimba wao. "Mfungulie. Wengine wote, kimya."

Kufuli lenyewe lilikuwa namba moja ndefu, iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, zile kaidi zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe; anayezijua zote mbili ndiye anayelifungua. Kuzizidisha ni kufumba na kufumbua. Kuzitenganisha tena, kompyuta zote za dunia zingezeeka kazini. Ndiyo maana namba ya namna hiyo huachwa hadharani, kila mtu aione, hata aliyeiba faili lililofungwa nayo. Waitazame mpaka macho yawatoke!

Asubuhi moja mwenzake wa ofisini, waliyemwita Miwani, alikuwa anakunywa chai huku akiikodolea ile namba.

"Dada, hizi mbili ulizipataje?"

"Ya kwanza mashine iliitafuta mpaka nikachoka. Ya pili nikaiambia iendelee pale pale, ichukue inayofuata."

Miwani akaweka kikombe chini. "Inayofuata? Mama yangu!" Akashika kalamu. "Chukua mia moja arobaini na tatu. Kipeuo chake cha pili ni kama kumi na mbili. Shuka moja, panda moja. Kumi na moja mara kumi na tatu ni ngapi?"

Namba mbili zikikaa jirani, hata ziwe na tarakimu mia tatu, kipeuo kinakupeleka mpaka kizingitini kwao. Haya dada mtu alifundishwa tangu chuoni, jamani, akayapuuza kwa uvivu tu! Miwani akajaribu kwenye mashine, na chai yake haijapoa, jina jipya na anwani vikawa kwenye skrini.

Dada mtu akanyakua simu, akampigia mdogo wake.

"Dada! Za huko?"

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, ila watu wako wameshafika, wanagonga."

"Sijatuma mtu! Usifungue! Pita mlango wa nyuma, kimbia!"

Kijana akacheka, kama alivyozoea kumcheka tangu utotoni. "Acha woga, bibi wee. Wameniita kwa jina lile lile. Nani mwingine analijua?"

"Mdogo wangu, nakuomba, nisikilize!"

Simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Alimsikia akiburuta ndara, akiitikia kwa furaha ya mtu aliyekaa siku nyingi bila mgeni, "Nakuja, nakuja." Kisha akasikia komeo likivutwa, kama alivyomwagiza.