Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Sajini alikuwa na neno moja tu siku hiyo: "Sibebwi."

Tangu bomu la ardhini limnyang'anye miguu, alikuwa akiishi kwa shemeji yake, ghorofa ya pili, akipandishwa na kushushwa ngazi mgongoni kama godoro. Shemeji hakulalamika hata siku moja, ila alihema kwa sauti, na kila pumzi yake ilikuwa sindano moyoni mwa Sajini. Kwa hiyo kampuni ya magodoro ilipojitolea kuwajengea nyumba askari waliojeruhiwa, yeye hakuomba madirisha makubwa wala rangi ya kupendeza. Aliomba njia ya saruji ya kupandia kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, aingie kwake kwa mikono yake.

Njia ilijengwa, tena ikajengwa vizuri, na uzuri ndio ulioiponza. Siku ya makabidhiano uwanja mzima ulikuwa tope. Afisa uhusiano wa kampuni, kijana wa viatu vilivyochongoka, akatazama huku na huku, akaona pakavu ni pale tu kwenye njia ya saruji. Akapanga hapo maspika, jenereta na vyungu vya maua.

"Usijali, mzee wangu," alimwambia Sajini. "Vijana wetu wanne watakubeba. Picha zitatoka bomba!"

"Sibebwi."

"Ni ngazi tatu tu za mlangoni, mzee."

"Basi mbebeni mkurugenzi."

Mkurugenzi mwenyewe alikwisha kamata kipaza sauti, anaeleza jinsi shujaa anavyostahili usingizi mnono. Vijana wanne wa fulana za njano wakaanza kumnyemelea Sajini kama watu wanaokamata kuku.

"Baba watoto!" Mkewe alichungulia kwenye kona ya nyumba, mwiko mkononi. Alikuwa jikoni tangu asubuhi, akiwapikia wageni chai. "Umekaa hapo umeduwaa kama bwana harusi! Mlango wa jikoni uko wazi, na huku hakuna hata ngazi moja."

Sajini akageuza kiti. Askari harudi nyuma, alijiambia, anamzunguka adui. Lakini tope la uani halikujua cheo cha mtu. Gurudumu likazama.

"Nikusukume?"

"Thubutu!"

"Haya, shujaa. Chai ikikauka utawapa wageni sufuria." Akafunga mikono kifuani, akangoja.

Sajini akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kiti kikayumba, kikanguruma, kikachomoka. Akaingia jikoni kwake, jasho linamtiririka, machozi yakimlengalenga.

"Simama hapo hapo! Magurudumu gani hayo? Nimepiga deki mara mbili!"

Machozi yakageuka kicheko. Kule kwa shemeji hakuna aliyewahi kumfokea kwa kuchafua sakafu, mgeni hagombezwi. Akachukua tambara na kufuta magurudumu yake polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu.

Nje, hotuba ilifika ukingoni. "Na sasa, shujaa wetu..." Mkurugenzi akageuka na mkasi wake wa kukatia utepe. Hakukuwa na shujaa. Kijana mmoja wa fulana ya njano alikuwa amepiga magoti, anachungulia chini ya meza.

Komeo likalia. Mlango wa mbele ukafunguka kutoka ndani, na Sajini akatokea nyuma ya utepe mwekundu, kikombe cha chai mkononi.

Mkurugenzi akapanda barazani, akainua mkasi.

"Taratibu, mkubwa," Sajini alisema. "Kwa watu hakuingiwi hivyo."

Mkurugenzi akamtazama afisa uhusiano. Afisa akatazama viatu vyake.

"Ho... hodi?" Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, mtaa mzima ukasikia.

"Karibu, ndugu yangu, karibu sana!"

"Na wavue viatu!" sauti ikatoka jikoni.

Mkurugenzi akacheka kwanza, kisha akainama kufungua kamba. Wale vijana wanne nao hatimaye walipata cha kubeba: Sajini aliwaonyesha maspika kwa kidole, yaondoke njiani kwake.