Kilomita Ishirini na Moja, Bila Habari

Viatu vyangu vya kukimbilia vilitoka Mutare, kwenye soko la mitumba la Sakubva, na Rudo ndiye aliyevichagua. Alivikunja, akavinusa, akagonga soli kwa kidole kama anayejaribu chungu kabla ya kukinunua, kisha akaanza kubishana na muuzaji kwa Kishona. Mimi nilisimama nyuma yake nikijifanya naangalia mawingu. Miaka minne niliyoishi Zimbabwe nilisimama hivyo mara nyingi. Watu wa chuo walisema Rudo ni mdomo na mimi, Éliane, ni miguu, na hawakukosea sana.

Kanisa letu la Kimethodisti la hapa Kamina ndilo lililonipeleka huko kusomea ualimu. Treni hadi Lubumbashi, mpaka wa Zambia, basi, basi jingine, mto Zambezi mpana na wa kijivu alfajiri, basi la mwisho. Nilifika nikiwa na sanduku moja na Kiingereza kisichotosha hata kuomba chumvi. Waliniweka chumba kimoja na Rudo, msichana wa Chipinge aliyesomea kilimo. Asubuhi ya kwanza aliniamsha ukungu ukiwa bado umelala bondeni, akanionyesha mlango, akakanyagakanyaga sakafu kama mtu anayekimbia papo hapo. Hilo nililielewa bila kamusi.

Tangu siku hiyo tulikimbia. Kilomita mbili za kwanza mwili wangu ulilalamika kama mtoto anayeogeshwa kwa maji baridi. Ya tatu ulinung'unika tu. Ya tano ulinyamaza, na hapo ndipo furaha ilipoanza: pumzi na hatua zinapatana, harufu ya mikalitusi iliyolowa inaingia hadi tumboni, milima inakuja polepole halafu inakwenda zake, na hakuna anayekutaka useme lolote. Kwa mtu kama mimi, ambaye kuitwa jina darasani tu kulinitoa jasho, hiyo ilikuwa likizo.

Rudo likizo hiyo hakuitaka. Alimsalimia kila mtu: wanawake wenye beseni za ndizi kichwani, walinzi wa mageti, watoto wa shule, hata mzee mmoja aliyekuwa hasikii. "Mangwanani!" aliita, akipiga viganja vilivyokunjwa huku anakimbia, nao wakapiga vyao kumjibu. Siku moja, kwenye mwinuko mkali, nilimwambia kwamba anapoteza pumzi bure.

"Barabara hii ni ua wa watu," alisema, akihema. "Wewe unapitaje uani kwa watu kimya kama mwizi?"

"Si unasalimia kwa ajili yetu wawili?"

"Na siku nisipokuwepo?"

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikudhani siku hiyo ipo.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka wetu wa mwisho, tulikimbia nusu marathoni ya mjini. Kando ya barabara waliweka meza za maji. Unanyakua kikombe cha karatasi bila kusimama, nusu unakunywa, nusu inakuingia shingoni, kikombe unakitupa, mbele. Tulimaliza tumeshikana mikono, baada ya saa mbili na dakika tisa. Tukiwa bado tumelala kwenye nyasi, Rudo alinifanya niahidi: kila mwaka, Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja wetu atakimbia kilomita ishirini na moja popote alipo. Saa ya Mutare na saa ya Kamina ni moja. "Hivyo tutakuwa tunakimbia pamoja," alisema.

Mwaka jana, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hapa, niliitimiza ahadi kwa kuuzunguka uwanja wa mpira wa misheni, nyuma ya ukuta. Mizunguko hamsini na miwili na nusu, nikihamisha punje za mahindi kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine nisisahau hesabu. Hakuna aliyeniona. Nilimaliza nikiwa na kizunguzungu, na sikuwa nimefika popote. Rudo alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Éliane, hiyo si safari, hiyo ni kusaga nafaka. Mwakani barabara!"

Kwa hiyo mwaka huu, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, nilitoka barabarani.

Kwetu mtu mzima hakimbii asubuhi bila sababu, na sababu inayojulikana ni moja. Anayepeleka habari ya kifo huondoka alfajiri, kikwembe chake cha kitenge amekikaza kiunoni, na hasalimii mtu njiani. Habari aliyobeba ina mwenyewe, na salamu ingeifungulia mlango wa nyumba isiyo yake. Ukikutana naye unampisha na kunyamaza. Haya niliyajua tangu utotoni. Lakini Mutare ilikuwa imenisahaulisha.

Nilivaa suruali ya michezo, na juu yake, kwa ajili ya heshima, nikafunga kikwembe, nikakikaza ili kisinidondoke. Niliifuata barabara ya mashariki, ile inayopitwa na malori ya samaki yakitoka Kinkondja, nikageuka, nikawa narudi. Nilikuwa kwenye ile hali ambapo mwili umenyamaza. Macho chini, mawazo Mutare. Watu walinipisha, nami nikadhani ni wema wao tu. Nilipofika kwa Mama Monga, mmoja wa majirani wa barabara hiyo, msuli wa mguu ulikaza. Nikashika nguzo ya ua wake, nikainamisha kichwa, nikaunyoosha mguu.

Mama Monga alikuwa anafagia. Mwanawe Béni alikwenda Kinkondja kununua samaki wakavu, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa siku kumi na saba. Alichokiona ni mtu anayetoka upande ule, kikwembe kiunoni, jasho usoni, bila salamu, ameshika nguzo yake na kuinamisha kichwa.

Ufagio ulianguka. "Béni wangu! Mutoto wangu ee!"

Nilitaka kusema hapana, lakini pumzi haikuwepo. Hata ningekuwa nayo, maneno yangu siku zote hufika yamechelewa. Nilitikisa kichwa. Yeye aliona mtu anayetikisa kichwa kwa huzuni. Kufumba na kufumbua majirani walijaa, wanawake wakakaa chini, mmoja akaanza kuyataja majina ya sifa ya ukoo wa Béni, na mimi katikati yao nikisema, "Hapana, Mama, hapana," kwa sauti niliyoisikia peke yangu.

Kilio kile kilidumu karibu saa nzima. Aliyekikata ni baba yangu, Papa Jéthro. Alikuja kutoa pole kama majirani wote, akaambiwa kwamba mleta habari ni mimi.

"Éliane, nani alikuambia Béni alikufa?"

"Hakuna muntu, Papa."

"Sasa weye ulikuya huku kufanya nini?"

"Sport," nilisema.

Siku nne baadaye Béni alipiga simu. Alikuwa mzima, mtandao tu ndio uliokuwa umekufa. "Mulinilia muzuri?" aliuliza. "Nani alilia kupita bote?" Yeye alicheka. Mama yake hakucheka. Aliyemlilia mwanawe akiwa hai haamki kesho yake amesahau.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Monga alikuja kwetu kushtaki. Alikataa kiti chenye mto, akachagua kigoda.

"Baba Éliane, mutoto yako alisoma mpaka inje ya inchi, anafundisha batoto yetu. Ule haweze kusema hata bonjour? Minyi siko na kesi na mbio. Akimbie mpaka Kaniama kama anapenda. Lakini anapita ku njia kama muntu anabeba mufu. Kama alisema tu 'wafwako, Mama', minyi singelia."

Baba amekuwa karani wa kituo cha reli miaka thelathini. Anapenda kila kitu kiwe na saa yake na mahali pake, ingawa treni zenyewe hazimsaidii. Alisema tutapeleka kuku wa kumpangusa machozi, na kwamba sitakimbia tena barabarani. Kisha akanigeukia. "Uko na neno?"

Niliutazama mkeka. Neno nililokuwa nalo lilikuwa refu, na lilikaa mbali sana. Basi amri ikawa imepita hivyo, zikiwa zimebaki wiki mbili.

Wiki hiyo nilifundisha ugawaji kwenye masomo ya likizo, nikasahihisha madaftari, nikapika bukari, ndio ugali wetu. Viatu nilivisukuma chini ya kitanda, mahali nisipoviona. Sikujua kwamba vingeniuma hivyo. Picha zangu zote za Zimbabwe zilikwenda na simu niliyoibiwa Lusaka wakati wa kurudi; Kishona changu kinanitoka neno kwa neno. Mutare imebaki miguuni mwangu tu. Nikiwa nimekaa, hata nifumbe macho vipi, harufu ya ile mikalitusi hainijii. Hunijia kwenye kilomita ya tano. Nikiacha kukimbia, nitakuwa mtu aliyewahi kusikia kwamba alisafiri.

Alhamisi Rudo alituma ujumbe wa sauti. Nyuma yake niliwasikia majogoo na ndoo. "Miguu! Uko tayari?" Nilimwomba Baba kuku yule nimpeleke mwenyewe.

Nilimkuta Mama Monga anapepeta mahindi. Nilipiga magoti, kuku kwapani, nikapiga viganja kama nilivyoweza kwa mkono ulioshika kuku.

"Wafwako, Mama."

Aliangalia huku na huku. "Sauti inatoka wapi? Kuku njo inasema?"

"Ni minyi, Mama."

"Rudia."

"Wafwako, Mama!"

"Aa. Kumbe iko na kinywa."

Nikamwambia. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho: Jumamosi, ahadi, meza za maji, Rudo, ukungu. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya machozi yake, na hapo nikalia mimi. Yeye alikuwa anamfunga kuku mguu kwenye nguzo, ileile nguzo. Alikaza fundo kwanza.

"Na huyo Rudo, ye anasalimiaka bantu?"

"Bote, Mama. Hata ule asiyesikia."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Basi, kimbia. Ntasema na baba yako. Lakini ku kila nyumba utasalimia, na utasema hauna habari. Kwa nguvu. Si ile sauti ya kuku. Nikisikia nyumba moja tu ulipita kimya, imekwisha."

"Kila nyumba, Mama? Ni kilomita ishirini na moja."

"Minyi njo nilikutuma mbali vile?"

Jumamosi ya ahadi, saa kumi na mbili kamili, nilibonyeza saa yangu ya mkononi. Kulikuwa na baridi ya kiangazi, vumbi likiwa bado limelala, na moshi wa nyasi zilizochomwa juu ya mashamba. Kwenye nyumba ya kwanza mzee alikuwa anaota moto. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilipita. Hatua kumi mbele nikasimama, nikarudi zote kumi.

"Wafwako, Papa! Siko na habari!"

Mzee alishtuka, kisha akapiga viganja kuitikia. "Eyo, vidye! Na kama hauna habari, mbona unakimbia?"

"Ni sport, Papa!"

"Mungu akusaidie!"

Nyumba ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Ya kumi sikuihesabu. Kabla ya kilomita ya tatu watoto walikuwa nyuma yangu, baadhi yao wa darasa langu mwenyewe, wakiimba, "Madame Bila-Habari! Madame Bila-Habari!" Wanaume waliosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa waliniita, "Madame, kama hauna habari ya kupeleka, kuya tusukume!" Nikajikuta najibu: "Nikirudia huku!" Wakacheka, nami nikacheka, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa nakimbia bila Rudo kando yangu.

Tena Rudo hakuwa anapoteza pumzi. Ukiita kwa nguvu, pumzi ya zamani inatoka yote, na mpya inaingia hadi chini kabisa. Alilijua hilo miaka yote minne, akaniacha niendelee kumhurumia. Kwenye kilomita ya tano mwili ulinyamaza, mdomo haukunyamaza, na harufu ya mikalitusi ikaja, kwenye barabara isiyo na mkalitusi hata mmoja. Huko Mutare, saa hiyohiyo, kuna mtu aliyekuwa anapanda mlima akipiga viganja.

Niligeuka penye matanuri ya matofali. Kurudi kulikuwa kuzito. Saa mbili na dakika tisa zilipita nikiwa bado kwenye kilomita ya kumi na nane, nikiwasalimia wanawake wawili waliotaka kujua nimeolewa au la.

Kwenye kilomita ya kumi na tisa Mama Monga alikuwa amesimama kando ya barabara, kopo la maji mkononi. Nilivuta pumzi niite. Aliniwahi.

"Najua! Hauna habari! Kuya unywe!"

Mkono wangu ulijinyoosha wenyewe, kama kule kwenye meza za Mutare: unyakue, unywe, utupe, mbele. Niliuona umenyooka hivyo, mkono mmoja, ukielekea kwa mama mzima. Nikaurudisha. Nilisimama. Nikapiga magoti vumbini, nikapiga viganja, nikalipokea kopo kwa mikono miwili. Nilikunywa maji yote hadi mchanga wa chini. Saa ilikuwa inakwenda kwenye kifundo cha mkono wangu, sikuizima.

"Na Béni, Mama?"

"Iko ku lori, anarudia leo. Alisema anakuletea samaki, juu ulimupatia kilio ya bure." Alichukua kopo, akakung'uta tone la mwisho. "Unaniangalia nini? Simama. Rudo anakuacha."

Nilisimama. Zilibaki kilomita mbili, na nyumba thelathini na moja.