Magadi ya Mama Blok

Mwaka 1897 habari zilitufikia hapa Groningen kutoka Leiden: ukiweka mwali wenye chumvi katikati ya sumaku kubwa, ile mistari miwili ya manjano ionekanayo kwa darubini katika mwanga wake hutanuka. Daktari Terpstra wa maabara yetu ya fizikia alitaka kuliona jambo hilo kwa macho yake. Profesa, mkuu wetu, alimwachia sumaku hadi Alhamisi. Baada ya hapo ingehamia chumba cha pili.

Jumatatu na Jumanne mistari ilikuwa minene hata kabla ya kuwasha umeme wa sumaku. Tukiwasha, hatuoni tofauti. Terpstra alikitazama kichomeo cha gesi, kazi ya mikono yangu mimi fundi wa vyombo, akasema kwa upole kwamba huenda kina kasoro. Nilikifungua, nikapima tundu moja moja, nikakirudisha. Hali ikawa ileile.

Jumatano nilifika mapema, nikawasha gesi bila kutia chumvi. Mwali ulikuwa wa manjano badala ya buluu. Basi chumvi ilikuwamo tayari, tena nyingi, na ikizidi hunenepesha mistari yenyewe, bila sumaku.

Nilikuwa bado nawaza pale Mama Blok, msafishaji wetu, alipoingia na ndoo. Alisugua meza, kisha akanyoosha mkono kuchukua kichomeo.

“Hicho nacho unakisugua?”

“Kila asubuhi, kwa magadi. Ulidhani kinang'aa chenyewe?”

Magadi na chumvi huwaka manjano ileile. Nilimweleza, nikamwomba akiache siku moja tu.

“Hoekema, miaka kumi na tisa sijaacha kitu kichafu humu. Uchafu upeleke kwako, kusiko na mke.”

Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetazama kwanza. Nikakichemsha kichomeo kwa maji ya mvua, mara tatu.

Alhamisi Profesa alimkuta Mama Blok ameinama kwenye darubini, akasimama nyuma yake, kofia mkononi.

“Nyuzi mbili,” alisema Mama Blok. “Nyembamba.”

Terpstra akawasha umeme.

“Zimenenepa.”

Akazima.

“Zimekonda. Hebu rudia, mwanangu.”

Terpstra alirudia mara nne, na Profesa akangoja zamu yake. Alipokwisha kutazama alivaa kofia yake akatoka, na sumaku haikuhama.

Kesho yake sakafu ilikuwa imesuguliwa kuliko siku zote. Kichomeo kilikuwa na masizi yake, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.