Alijaribu Uongo Kwanza

Wenye watoto wasikie, na wasio nao wasikie pia, kwani kila mtu ana wa kwao.

Fundi mmoja wa cherehani alikuwa na wasichana wawili kazini. Binti yake alikata vitambaa. Mtoto wa kaka yake, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake, alishona vifungo, na alikuwa amebakiza wiki mbili tu aruhusiwe kushika mkasi. Alizihesabu kwa vidole.

Binti akipumzika, anacheza mchezo kwenye simu. Si wa risasi. Ni hadithi ndefu ya mji uliofurika maji, na kila hatua unaulizwa: useme kweli au udanganye, umwokoe huyu au yule. Jumamosi asubuhi akaumaliza.

"Mama, nimewaokoa wote! Hajafa hata mmoja."

"Umewezaje?"

"Nadanganya kwanza, naona italeta nini. Ikiharibika, narudi nyuma, nachagua tena."

Fundi akacheka. "Kwenu huko raha. Mie nikikosea mshono, nafumua mpaka macho yanitoke."

Hapo ndipo angeuliza zaidi. Hakuuliza. Alikuwa na pindo la sketi mkononi.

Saa sita akakunjua gauni la bibi harusi. Kipande cha mbele kilipungua vidole vinne.

"Nani kakata hiki?"

Binti hakumeza hata mate. "Sindano."

"Shangazi, haki ya Mungu, mkasi sijaugusa..."

"Nyamaza! Umeshindwa kungoja wiki mbili? Kusanya nguo zako, urudi kwa baba yako."

Sindano akakusanya. Hakulia. Nyumba ya baba yake ilikuwa mtaa wa pili, akaenda kwa miguu.

Binti akautazama mlango, kama anayengoja kitu kitokee. Kisha akasema, "Mama, ni mimi. Kitambaa kilijikunja chini, sikuona. Mwite arudi."

"Sasa mbona umemtaja yeye?"

"Nilitaka kuona utafanyaje."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anavyotaja kipimo cha kiuno.

Fundi akavaa kandambili, akamshika mkono, wakaenda mbio. Walimkuta Sindano uani anafua. Binti akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Fundi naye akaomba, mbele ya kaka yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni.

"Nimewasamehe," Sindano akasema, akiendelea kukamua.

"Basi twende, mwanangu. Mkasi nakupa leo hii."

"Siji, shangazi."

"Si umesema umesamehe?"

"Nimesamehe. Huyu kanisingizia mara moja. Wewe hukuniuliza hata hiyo mara moja."

Kaka mtu akaangalia pembeni. Binti akamvuta mama yake kanga, akanong'ona, "Mama, sasa tusemeje?"

Sindano akaanika shati, akachukua lingine.