Tangu Kibofu Kitulie

Mfamasia alinionya: kidonge kimoja kila asubuhi, nikimeze kizima bila kukitafuna, na nikisahau, nisimeze viwili kesho yake. Nimetii. Mdomo unakauka kama alivyosema, lakini kibofu kimetulia.

Zamani nilikimbia mara kumi kwa siku kutoka meza yangu ya nyanya hapa mpakani Busia hadi choo cha kulipia. Truphena, anayekitunza, kila mara aliniuliza habari za goti langu na za mwanangu asiyepiga simu. Sasa naketi kutwa. Wateja wanauliza bei tu, basi.

Leo nimeinuka bila haja yoyote.

“Nerima, umepotea,” Truphena alisema.

Tulizungumza kidogo. Kisha nikaingia, nikafunga mlango, nikasimama tu humo, asije akajua nimepona.