Swali Lisilosubiri Jibu

Dobi wa nyumba ya wageni alikuwa mtu wa salamu. Alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yule hukupita mlangoni bila kuulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, na kile kikohozi cha juzi kimefikia wapi. Kwa hiyo mgeni wa chumba namba tisa alipoanza kumpita kila asubuhi kwa ule mtindo wake, dobi alikosa raha kabisa.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, aliyetoka ng'ambo kuja kupima barabara mpya kwa miezi sita. Kila alikokwenda alibeba chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu, na wafanyakazi wakambandika jina: Mama Miguu Mitatu. Gari lake lililala uani, nyuma ya chumba cha kufulia, hivyo njia yake ya asubuhi ilipita hapo hapo penye mabeseni. Alikuja mbiombio, funguo mkononi, tabasamu usoni. "Hawayu!" Dobi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, alijua angalau hilo: anaulizwa hali. Basi anapangusa povu mikononi, anainuka, anafungua kinywa. Akitazama, mgeni keshafika kwenye gari.

"Ananiuliza halafu anakimbia," alimlalamikia mpishi. "Kama hataki kujua, si anyamaze tu?"

"Labda anaogopa utampa mashuka akunje, dada," mpishi alisema huku akimenya viazi.

Dobi hakucheka. Kwake lilikuwa jambo la kumshusha mtu: kwamba yeye ni kama ndoo tu pale uani, kitu cha kupitwa. Yakaenda hivyo mwezi wa kwanza na nusu ya wa pili. Mwishowe akaacha hata kuinuka. Akisikia viatu vinakuja, aliinamia beseni na kusugua foronya kana kwamba imemkosea.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kwanini, na hakuna aliyehitaji kueleza sababu. Mwaka huo shuleni kwao walikuwa wameanza kitabu kipya cha Kiingereza. Mwishoni mwa kila somo kulikuwa na kisanduku cha njano, kimeandikwa kwa Kiswahili, chenye kichwa "Mambo ya Wenzetu." Masomo yenyewe Kwanini aliyasoma kwa zamu yake, lakini visanduku hakuweza kuvisubiri. Jioni alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akamsomea mama yake anayekatakata vitunguu.

"Mama, sikia hii. Kwao ukimpa mtu zawadi, anaifungua hapo hapo mbele yako."

"Mbele yangu? Na kama haikumpendeza?"

"Anasema imempendeza."

"Kumbe hata wao wanajua kujikaza. Endelea."

"Ukimkanyaga mtu kwa bahati mbaya, unaweza kusikia yeye ndiye anayekuomba radhi."

"Hapo umetia chumvi."

"Imeandikwa, mama, tazama! Na hii: watu wawili wasiojuana wakikutana, wanaongea habari za mvua."

"Na isiponyesha?"

Kwanini alichungulia kitabu. "Wanaongea kwamba haijanyesha."

Walicheka mpaka vitunguu vikaanza kuungua. Ndipo binti akafunua ukurasa wa somo la saba, akasoma kwamba wenzetu wakikutana huulizana hali kwa haraka, bila kusimama, na kwamba swali hilo mara nyingi ni salamu tu. Anayeuliza hasubiri maelezo. Jibu linalotosha ni kusema uko salama, kushukuru, na kuuliza na wewe.

Mwiko wa dobi ulisimama sufuriani. "Rudia hapo."

Kwanini akarudia.

"Kwa hiyo hanidharau?"

"Nani, mama?"

Dobi akamweleza habari za Mama Miguu Mitatu, na alivyokuwa anajisikia wiki zote zile. Binti aliruka kutoka kwenye kigoda. Akachukua mwiko, akawa mwalimu. "Sema: fain, thank yu, end yu?" Dobi alisema. "Ulimi, mama, uweke katikati ya meno!" Dobi akauweka ulimi katikati ya meno, mate yakamruka mpaka kwenye kitabu, wakaanza kucheka upya. Walipopakua chakula, maneno yalikuwa yamemkaa mdomoni kama ya kwake.

Kesho yake aliyasema. Mgeni alikuwa tayari ameanza kupita. Aliposikia, akageuka nusu, uso ukamng'aa. "Fain, fain!" akasema, akapunga mkono na kwenda zake. Dobi alibaki anatabasamu peke yake kama mtu aliyeshinda kitu. Tangu hapo kila asubuhi ikawa mchezo wao: swali, jibu, mkono unapungwa. Mpishi akawa anamwita profesa.

Mwezi wa nne, dobi akaungua.

Ilikuwa siku ya mashuka meupe, yale ya kutiwa wanga. Alikuwa anainua sufuria ya wanga uliochemka ili amimine kwenye karai, kitambaa cha kushikia kikateleza. Wanga ulimmwagikia mkono wa kushoto kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alitumbukiza mkono kwenye maji baridi, akauma meno, akaufunga kwa foronya kuukuu. Kikundi cha wageni kilikuwa kinaingia jioni hiyo na vyumba sita havikuwa na mashuka. Meneja alikuwa anahangaika huku na huko na makaratasi. Dobi alisema moyoni, nitamwambia baadaye. Baadaye ikawa kesho, na kesho ikaleta mashuka yake.

Asubuhi, "Hawayu!"

"Fain, thank yu, end yu?" alijibu, mkono ameuficha nyuma ya kanga.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuanza kutoa maji ya njano, na hakuweza kukamua hata leso. Jioni Kwanini alimwona mama yake akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi kakibana kwa goti.

"Mama, huo mkono."

"Umeunguaungua kidogo tu."

Binti hakungoja ruhusa. Akafungua kile kitambaa, akaona, rangi ikamtoka. "Umemwambia nani kazini?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Mpishi yuko likizo. Meneja hana hata nafasi ya kukaa. Aliyeniuliza hali siku zote tatu ni mmoja tu, na huyo kitabu chako kinasema hasubiri maelezo. Basi nikamjibu kama kitabu."

Dobi alilisema kwa utani, lakini Kwanini hakulichukua kwa utani. Alimpaka mama yake asali, kwa kuwa ndiyo dawa pekee iliyokuwamo ndani, kisha akakaa na kile kitabu mapajani bila kukifungua. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yake kusema yuko salama.

Kipindi cha Kiingereza kesho yake kilikuwa cha majina ya matunda. Mwalimu, kijana aliyependa chaki za rangi, alikuwa amechora nanasi alipouona mkono wa Kwanini juu.

"Mwalimu, na kama mtu hayuko fain?"

"Nani?"

"Mtu yeyote. Ameulizwa lile swali la somo la saba, na hayuko fain. Anasemaje?"

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akajifanya anazimia juu ya dawati. Mwalimu hakucheka. Aliitazama chaki mkononi kama mtu aliyekuta mlango asiowahi kuuona katika chumba alicholala miaka minne. Alikuwa amelifundisha somo hilo mara nyingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema kwa upole, "Kitabu kimeishia pale. Lakini watu hawaishii pale." Kando ya nanasi akaandika sentensi moja, akawasomesha wote: nat veri wel, yaani sijisikii vizuri.

Wakati wa mapumziko alimwita Kwanini pembeni. Hakumuuliza ni nani anaumwa, alikwishaona machoni. "Mimi mwenyewe sijawahi kufika kwao," alimwambia. "Mambo yao nimeyapata kitabuni kama wewe. Lakini sidhani kuna mtu duniani atakayesikia hivyo akaondoka. Mwambie aliseme, halafu anyamaze. Asikimbilie kutabasamu."

Jioni, Kwanini alipomfikishia hayo, dobi alikataa katakata. "Nikamlilie mgeni wa watu? Aseme dobi kaanza kuombaomba?"

"Huombi kitu, mama. Umeulizwa."

"We mtoto we!" Lakini alilirudia lile neno mara mbili huku akijifanya anapuliza moto, na Kwanini akajifanya hasikii.

Asubuhi viatu vikaja. "Hawayu!"

Na kinywa cha dobi, kwa mazoea, kikafyatuka chenyewe: "Fain, thank yu, end yu?"

Mgeni akapunga mkono, akapita. Dobi alisimama na beseni miguuni, mkono unapwita mpaka kwapani, akajiona mjinga kuliko wote. Mlango wa gari ukafunguliwa. Ndipo aliposikia sauti yake mwenyewe ikipaa juu ya kamba za nguo: "Nat veri wel!"

Dobi akakumbuka alichoambiwa, akafunga mdomo, asitabasamu.

Mama Miguu Mitatu alirudi taratibu, kwa mara ya kwanza tangu afike akitembea kama mtu asiye na haraka. Alimtazama usoni, kisha ile foronya mkononi. Dobi akaifungua. Mgeni hakupiga kelele. Alivuta pumzi, akapindua ndoo, akamkalisha juu yake, akaenda kugonga kwa meneja. Meneja alitoka na kalamu bado sikioni, akaona, akashika kichwa. "Dada! Siku zote hizi na hukusema!" Akaahidi kuita mtu wa kushika kazi, na kabla hajamaliza sentensi dobi alikuwa kwenye gari, kile chombo cha miguu mitatu kimelala kati yao kama abiria wa tatu.

Zahanati ilikuwa imejaa. Dobi alimwonyesha mgeni kwa ishara kwamba anaweza kwenda, barabara inamngoja. Mgeni alitikisa kichwa, akapiga simu moja fupi, akakaa naye kwenye benchi. Walikaa saa nzima na zaidi bila lugha. Muuguzi alipousafisha ule mkono, dobi alikamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mkono wa mgeni, akaubana mpaka vidole vikawa vyeupe.

Baadaye, wakisubiri dawa, dobi alitaka kusema asante vizuri, lakini alikuwa na maneno yale yale machache. Akatumia aliyokuwa nayo. "End yu?" akauliza, na safari hii akamgeukia kabisa, akangoja.

"Fain," mgeni alianza. Halafu akasita. Akasema kitu kirefu, cha chini kwa chini, na dobi alidaka neno hapa na pale: mama, hospitali, simu. Mgeni akatoa simu, akamwonyesha picha ya mwanamke mzee sana kitandani, mwembamba, anayejaribu kucheka na mpiga picha. Hakuhitaji mkalimani. Dobi aliitazama ile picha muda mrefu, kwa heshima, kama anayeingia chumba cha mgonjwa. "Pole," alisema. "Pole sana, mwenzangu." Neno hilo mgeni alikuwa amekwishalijua. Aliinamisha kichwa na machozi yakamdondoka kwenye suruali yake ya kazi, na mama mmoja aliyekaa mbele yao akampa kitambaa bila kuuliza lolote.

Jioni ile dobi hakungoja kusomewa. "Hicho kitabu chako," alimwambia binti yake, "kina mahali pa kuuliza habari za mama wa mtu?"

Kwanini alipekua mpaka ukurasa wa mwisho. "Hakina."

"Basi kesho mwulize mwalimu."

Mwalimu alitoa sentensi, na zaidi ya hiyo akatoa nyingine tatu. Kwa wiki tatu, mkono ukiwa bado una bendeji na kijana wa muda akikamua mashuka, dobi na mgeni walisimama kila asubuhi kando ya kamba za nguo. Habari za mama zilitolewa kwa mikono, kwa picha na kwa maneno mabovu ya lugha mbili. Mara amekula. Mara hakulala. Mara amemtania daktari. Gari lilichelewa dakika kumi na barabara haikulalamika.

Kisha siku moja habari haikuwa nzuri, na mgeni akakatisha safari yake miezi miwili kabla ya wakati. Dobi alimpigia pasi nguo zote mwenyewe, kwa mkono wa kulia, akazipanga sandukuni moja moja. Mpishi, aliyekuwa amerudi kutoka likizo, alimfungia mikate, njaa isije ikamshika njiani. Pale uani hawakuagana kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Walikumbatiana tu, mrefu kwa mfupi, mpaka dereva wa teksi akapiga honi kwa aibu kidogo.

Siku tisa zikapita. Dobi alikuwa anaanika mapazia ya ukumbini meneja alipotoka nje na simu.

"Kuna ujumbe wa mgeni wako," alisema. "Ameandika kwamba alimkuta mama yake yuko macho. Walikaa pamoja siku tano. Walizungumza sana. Amefariki jana asubuhi, akiwa amemshika mkono."

Dobi alishusha pazia kwenye beseni. "Nisomee tena," alisema, "pole pole, pale anaposema alimkuta yuko macho."